Mafundo Mia Moja na Manne ya Mama Régina

Mheshimiwa Msimamizi wa Teritware, wilaya yetu hii ya Kasongo, Bwana Jaji, Sheikh wetu na Padri wetu, ndugu mawakili mliofungua ofisi hii ya kuwatetea wafungwa, mama zangu na baba zangu wa Kasongo na wa Kabambare: mniwie radhi nikisema nimekaa, miguu imekataa. Mmenialika nifunue kibao chenye jina langu mlangoni. Kabla mkono wangu haujagusa kitambaa kile, sikieni neno nililolificha miaka kumi na minne: kuna mtu alifia gerezani akiwa amekwisha kumaliza kifungo chake, na aliyemzuia humo ni mimi.

Naona mmeshtuka. Sheikh ameacha kuvuta tasbihi. Hata mimi nimeshtuka kuisikia sauti yangu. Sikujua kama bado ninayo.

Mmenisifu kwamba nilikuwa karani wa mahakama, grefye, miaka thelathini na mmoja bila doa. Jaji hutamka, karani huandika karatasi moja inayokwenda gerezani, na mlinzi wa gereza haamini kitu kingine. Sheria iko wazi, tena ni nzuri: siku ulizokaa ndani ukingoja hukumu zitolewe kwenye adhabu. Lakini sisi tulikuwa na desturi yetu. Mtu aliyekamatwa upande wa Kabambare tulimhesabia tangu siku jina lake lilipoingia katika daftari letu hapa Kasongo. Je, kule Kabambare jua halichwi? Kufuli la kule si kufuli?

Déo alikuwa mkulima wa Wamaza. Alikamatwa tarehe 3 Machi 2009, akidaiwa kuchoma ghala la mpunga la shemeji yake. Alikaa katika kasho, mahabusu ya Kabambare, miezi tisa na wiki moja, ndipo akaletwa huku nyuma ya pikipiki, mikono imefungwa. Jaji alimpa miaka miwili, akasema kwa sauti: siku za kungoja zitolewe. Mimi nikaandika: kuanzia 10 Desemba.

Machi ya 2011 mke wake, Mama Régina, aliingia ofisini kwangu, vumbi hadi magotini. Aliweka kamba mezani. Ilikuwa na mafundo mia moja na manne, fundo moja kwa kila Jumapili.

"Baba Grefye, kamba yangu imetimia. Miaka mbili imeisha. Munipe bwana yangu, shamba iko inangojea."

"Mama, sheria haisomi kamba."

Mwenzangu Djamali akadakia: "Labda ulikuwa unafunga mbili-mbili, mama, juu ya hamu ya bwana!"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Basi, baba, usome karatasi yako. Mimi niko nangojea hapa."

Nilivuta faili, nikalifungua, nikalifunga. "Desemba, mama." Akaichukua kamba yake.

Mwezi wa Agosti Déo alikufa kwa kuhara damu. Mama Régina aliendelea kufunga mafundo hadi habari ilipomfikia Wamaza.

Mtaniuliza, mzee, kwa nini leo? Daktari amenipa miezi, si miaka. Na Mama Régina yuko pale, mstari wa tatu, mwenye kitenge cha kijani. Mimi ndiye niliyeomba aletwe. Ndugu mawakili, ondoeni jina langu mlangoni, andikeni la Déo. Na kila mfungwa atakayeletwa kutoka mbali, muulizeni kwanza: nani kwenu anakuhesabia siku?

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Mngeweza kuniachia hapa, mkasema mzee alikosea, desturi ilimpoteza. Hadi leo asubuhi nilitamani iwe hivyo. Lakini, Mama Régina, siku ile uliponingojea, faili lilifunguka kwenye karatasi ya kukamatwa kwake kule Wamaza. Niliiona tarehe 3 Machi. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, nikaipata hesabu yako, ileile. Kusahihisha kulitaka mistari mitatu tu ya kukiri kosa langu daftarini; na wiki ile mkaguzi alikuwa anakuja kunipandisha cheo. Ndipo nilipokuambia Desemba.