Zedekiah Kweyu, Mtunza Majina ya Nchi na Mume wa Triza Ayuma

Tunayemzika leo ni Zedekiah Kweyu, mume wa Triza Ayuma. Jina la mkewe limetangulizwa kwa sababu karatasi ya kwanza ya mazishi, iliyochapwa mtaa wa Donholm, Nairobi, ilimwita Triza "jamaa wa karibu" na kumweka chini ya watu wa kwaya. Karatasi hiyo imetupwa. Inayosomwa ni hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Butere, mtoto wa pili wa Mzee Wekulo, fundi wa baiskeli. Shuleni alikuwa mwepesi wa hesabu, na nyumbani mzito wa jembe. Kaka yake Wesonga, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyemlimia sehemu yake mpaka alipomaliza sekondari mwaka wa 1970 na kwenda Nairobi kusomea ufundi wa simu.

Tarehe 8 Desemba 1973 alimwoa Triza kanisani, hapa hapa Butere, mahari ikiwa imelipwa na wazee wakiona. Triza aliishia darasa la tatu, jambo ambalo marehemu alilijua tangu mwanzo na halikumsumbua kwa miaka mingi. Walihamia mtaa wa Jericho, Nairobi, mwaka uliofuata, wakazaa Khavere na Wekulo. Triza alishona sare za shule kwa cherehani, kwenye meza iliyokuwa chini ya dirisha.

Mwaka wa 1994 marehemu alijitolea kwa kazi ambayo wengi hapa hawajawahi kuisikia. Kampuni, kanisa au shule iliyotaka anwani ya Kenya kwenye mtandao wa kompyuta ilipaswa kuomba jina, na jina hilo lilimalizikia kwa herufi mbili za nchi yetu. Marehemu alikuwa mmoja wa waliopokea maombi, wakahakikisha jina halijachukuliwa, kisha wakaliingiza kwenye orodha ya nchi. Kazi haikuwa na mshahara wala ofisi. Ilifanyiwa Jericho, juu ya meza ya Triza, kwa kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu ya nyumbani. Cherehani ilihamia jikoni.

Siku moja alikuja Bwana Munyoki, mfanyabiashara mwenye suti, akamkuta Triza mlangoni akishona vifungo.

"Mama, nimeelekezwa hapa. Ofisi ya majina ya nchi iko wapi?"

"Ndiyo hii. Sogeza hizo kaptula ukae."

Alitaka jina ambalo tayari lilikuwa la kikundi cha wanawake wa Majengo, wauzaji wa vyondo, vikapu vya kusukwa, huko ng'ambo, kilichoongozwa na Khadro. Marehemu, aliyekuwa mezani, alipomwambia hivyo, Bwana Munyoki alicheka.

"Kweyu, ndugu yangu, hao akina mama hata kompyuta hawana."

"Jina wanalo," marehemu akasema. "Akishapewa mtu, hapewi mwingine mwenyewe akiwa hai. Hata angekuwa nani."

"Hata rafiki?"

"Rafiki ndiye wa kwanza kukataliwa."

Triza alisikia yote hayo akiwa na sindano mkononi, na siku hiyo alijivunia mumewe. Inasemwa kwa sababu ni kweli.

Ni kweli pia kwamba mashine ile ilipokuwa ikituma majina, simu haikuweza kuingia. Mnamo Agosti 1996 mama yake Triza alizidiwa. Ndugu zake Triza walisimama posta ya Butere tangu asubuhi wakipiga Jericho, wakiambiwa laini ina mtu. Triza alimwomba mumewe zaidi ya mara moja aachilie simu, kwa kuwa alijua mama ni mgonjwa. Marehemu alimjibu bila kugeuka: "Ngoja kidogo, Mama Khavere, nchi nzima inangoja." Habari ya kifo cha mama ilimfikia Triza kwa mdomo wa abiria aliyetoka nyumbani. Alifika kaburi limeshafunikwa. Marehemu alimpa pole, akarudi kwenye meza.

Mwaka wa 1997 mashine ilihamia Donholm, kwa madai kwamba laini za huko hazikwaruzi. Nyuma yake yakahama mashati, kisha viatu, kisha mwenyewe. Donholm alikuwako Jacky, aliyekuwa akimsaidia kujibu barua za waombaji. Majirani wa huko walimwita Mama Kweyu, na marehemu, akiwa amesimama hapo hapo, aliwaacha waite. Triza alimfuata mara moja tu, akamkuta langoni.

"Baba Khavere, hilo jina unalompa lina mwenyewe."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Na mwenyewe hajafa."

Marehemu alifunga lango. Sheria aliyomsomea Bwana Munyoki hakuitumia nyumbani kwake.

Mnamo Februari 1999 aliugua figo na kulazwa. Triza alikwenda na uji. Muuguzi alimsimamisha mlangoni. "Mke wake ametoka sasa hivi. Wewe mama ni nani kwake?" Triza aliukabidhi uji, akaondoka. Marehemu alifariki tarehe 3 Aprili 1999, asubuhi. Triza alipashwa habari na muuza maziwa.

Watu wa Donholm walipanga mazishi, wakakumbushwa na wazee kwamba kwetu mwili wa mwanamume huingia kwanza katika nyumba ya mke wa kwanza, wala haupiti kando. Nyumba hiyo ya Butere ilijengwa na Triza kwa sare za shule, na ufunguo anao yeye. Wakamtuma Wesonga.

"Shemeji, tunakuomba ufungue."

"Nitafungua. Wasifu nitausema mimi, Khavere auandike, wewe uusome. Wote. Usiruke hata pale utakapoona haya."

"Nimekubali, shemeji."

Jana alasiri Triza alifungua mlango, akafagia, akaelekeza jeneza liwekwe wapi.

Marehemu ameacha mjane, Triza Ayuma. Ameacha watoto Khavere na Wekulo wa Jericho, na Kim wa Donholm, ambaye ni mtoto na hana kosa, na ataitwa kwa jina la babake. Ameacha kaka yake Wesonga. Jacky yupo. Ameruhusiwa kukaa ndani kwa sababu mvua inanyesha, na asidhani ni kwa sababu nyingine.

Mungu ampe Zedekiah pumziko. Mkewe bado hajawa tayari kumpa.