Dinah Mghoi Mwakio, 1968–2025: Mama Aliyekatazwa Kupiga Simu

Dinah Mghoi Mwakio alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Werugha, Taita, mtoto wa tano na binti wa pekee wa Mzee Elijah Mwang'ombe na Mama Wakesho, ambao walimtangulia. Kaka zake wanasema tangu utotoni hakuweza kupita mlango wa mtu bila kubisha hodi na kuuliza hali, hata akiwa ametumwa chumvi na chungu kiko motoni.

Alisoma shule ya msingi Werugha, kisha sekondari mjini Voi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Alitamani uuguzi lakini alama hazikufika, akasomea ualimu wa chekechea na kufundisha Wundanyi kwa miaka mingi.

Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Titus Mwakio kanisani Voi. Mwaka 2002 alimfuata mumewe hapa London, wakakaa Thornton Heath, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tevin na Maureen.

Watoto walipokua kidogo, alianza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na akaifanya mpaka mwaka huu. Wazee aliowaosha na kuwalisha aliwaita baba na mama. Bosi wake alipomwambia atumie majina yao, alimjibu, "Manager, mtu wa miaka tisini nimwite Derek? Mdomo wangu utakataa." Yule bosi yuko nasi leo, na tunamshukuru kwa kuja.

Mwezi Aprili 2022, kijana wao Tevin alijiunga na chuo kikuu mjini Okayama, Japani, kusomea uhandisi wa madaraja. Marehemu alitangaza kanisani, akatangaza kazini, akamtangazia hata dereva wa basi la 250. Alimpigia kijana wake simu kila siku.

Hapa naomba niache kujiita kijana wa marehemu. Ni mimi. Baba alinikabidhi kuandika wasifu huu, akanisahihisha Kiswahili, na akanipa sharti moja: "Utasoma wewe, na usimpambe mama yako kwa uongo." Kwa hiyo yanayofuata nayasema mbele yenu, na yamechapwa kwenye karatasi mlizoshika.

Oktoba 2024 niliingia maabara ya profesa wangu. Siku moja mama alipiga simu ya video tukiwa wote mezani, yeye amevaa sare ya kazi, akaomba apewe mwalimu amsalimu. Nikampa kwa kukosa ujanja. Akamuuliza profesa kama amekula, kama watoto wake hawajambo, kisha akasema, "Professor, nakukabidhi mwanangu, let us pray." Akaomba kwa Kiswahili, kwa sauti ile yake mnayoijua, dakika nne nzima. Profesa alifumba macho na kuinamisha kichwa mpaka amina. Wenzangu nao waliinama. Hakuna aliyecheka. Aliyeungua uso ni mimi peke yangu.

Jioni ile nilimwambia, "Mum, huku Japani mzazi hapigi simu ovyo, ni kumvunjia mwalimu heshima. Mwanafunzi akianza utafiti, habari za nyumbani zinasubiri mpaka amalize. Tuongee Jumapili ya kwanza ya mwezi, inatosha." Niliyatunga yote nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kantini.

Mama akasema, "Basi sawa. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Niombee radhi kwa mwalimu." Tangu siku hiyo hakupiga tena nje ya Jumapili yake. Alikwenda kuwafundisha akina mama wa ushirika wa kanisani desturi za Wajapani. Mama Shekinah, rafiki yake wa miaka yote, anasema alizieleza kwa fahari kama mtu aliyewahi kuishi huko.

Baada ya wiki chache profesa aliniuliza mbona mama haombi nasi tena. Nikamjibu kwamba kwetu Kenya mtoto akikua mzazi humpa nafasi, ndiyo desturi. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hakuuliza tena.

Juni 2025 marehemu alianza kuumwa tumbo na mgongo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, tena imeshaenea. Aliwakalisha baba na Maureen jikoni, akawaambia, "Tevin asijue mpaka amalize utafiti. Tusimharibie kwa wenyewe Wajapani." Maureen alipiga kelele, "Mum, that's not even a real thing, hakuna desturi kama hiyo!" Mama akamwambia, "Wewe umesoma Japani?" Mjadala ukaishia hapo.

Jumapili zake aliendelea kunipigia, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Mwezi wa tisa nilimwona amekonda, nikamuuliza kama ameanza diet. Akacheka, akasema ndiyo. Nikamwambia lazima niende maabara. Maabara yetu hufungwa Jumapili.

Tarehe 8 Novemba Maureen alishindwa kuvumilia, akaniandikia. Nilifika nyumbani Jumanne tarehe 11. Mama alikuwa kwenye kitanda kilicholetwa na wauguzi sebuleni, akanitazama, na neno la kwanza alilosema ni, "Wamekuruhusu?"

Nikasema, "Wamenipa wiki mbili, Mum."

Akasema, "Mwambie mwalimu asante. Mwambie si kusudi langu kuvunja mila yao."

Siku tatu nilimlisha uji kwa kijiko. Siku tatu nilikuwa na nafasi, mdomo na Kiswahili cha kutosha, na sikumwambia. Kila nilipotaka kuanza niliona aibu. Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, saa moja asubuhi, akiwa na baba, Maureen na mimi.

Ameacha mume wake, Titus. Watoto wake, Maureen na Tevin. Kaka zake wanne kule Taita, pamoja na wake na watoto wao. Mama Shekinah na ushirika mzima. Na wazee ishirini na sita ambao wanaendelea kuuliza yuko wapi. Profesa wangu nilimpigia juzi, nikamweleza yote. Akaniuliza tunazika saa ngapi, ili saa hiyo maabara yote isimame kwa heshima yake.

Mama, desturi ile haipo. Haipo Japani, haipo Kenya, na ungepiga kila siku wangekupokea. Nilikuonea aibu, nami sasa najionea aibu mwenyewe. Mungu akupumzishe, Dinah Mghoi, na akupokee kila utakapobisha hodi.