Honi Ndani ya Wimbo

Kwenye kiti cha mbele yangu basini walikaa watu wawili wasiofahamiana: mzee aliyestaafu ubaharia, na kijana aliyefukuzwa melini asubuhi hiyo, begi lake mapajani.

"Hedifoni nilivaa sikio moja tu, mzee wangu," kijana alisema. "Zamu ni saa nne nzima, umesimama unatazama maji. Bila muziki ningelala wimawima."

"Mimi niliimba kimoyomoyo miaka thelathini," mzee akajibu. Niliuhurumia moyo huo ulioimba miaka yote hiyo. "Kulikuwa na ukungu?"

"Ulikuwepo."

"Na honi ya meli nyingine hukuisikia?"

Kijana alijipangusa uso kwa kiganja. "Niliisikia. Ililia sambamba na tarumbeta, nikadhani imo kwenye wimbo. Hata nikatikisa kichwa. Tulipishana kwa upana wa barabara hii."

Mzee aliguna. "Huo wimbo bado unao?"

"Ninao. Kila ukifika pale naisubiri honi, na haipo."

Basi likasimama sokoni, kituo ambacho mzee alikuwa amemkumbusha konda mara tatu kwamba atashukia. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, akaomba upande mmoja wa hedifoni.