Mama Kabla na Migongo ya Kadi

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa kitengo cha orodha ya vitabu atafunga droo ya mwisho, atafuta miwani yake kwa pindo la mtandio na kustaafu, baada ya kuitumikia maktaba hii miaka thelathini na sita na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, ameugua siku kumi na moja, na hajawahi kusema mbele ya msomaji kwamba kitabu fulani hakifai. Hilo la mwisho ndilo gumu, hasa kwa mtu aliyevisoma vitabu vyenyewe.

Jina lake kamili limo kwenye barua ya ajira. Sisi tunamwita Mama Kabla, naye anaitika. Jina hilo alipewa na wasomaji, kwa sababu ukimpelekea wazo lolote, hata ukiwa umelipata asubuhi hiyo na bado lina mvuke, atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza kwa upole: "Na kabla yake?"

Alianza kazi kwenye kaunta ya mikoba, hatua mbili kutoka mlango mkuu wa zamani. Walioajiriwa karibuni hawaujui mlango ule. Ulikuwa wa mbao nzito, na mvua zikianza ulivimba kama shavu la mwenye jino bovu. Aliyeuvuta kwa pupa alibaki nje akisukumana nao. Kwa miaka minne Mama Kabla alipokea mikoba, akatoa vibao vya namba na kuwaelekeza watu namna ya kuingia. Baadaye akahamishiwa chumba cha taipureta, akawa mpiga kadi, na huko ndiko kazi yake hasa ilikoanzia.

Kwa wasiozijua, kadi ya maktaba ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani. Mbele huandikwa mtunzi, jina la kitabu, mwaka na namba ya rafu. Nyuma huwa patupu. Mwaka wake wa sita kazini, vitabu vya roho na fahamu vilianza kuingia kwa maboksi: kutazama pumzi, kutuliza akili, kuamsha nguvu ya ndani, kuponya mwili kwa fikra. Kamati ikakutana kuamua viwekwe wapi. Mmoja alisema Dini, mwingine Falsafa, mwingine Afya, na mhasibu, aliyekuwa amevipitia kuliko wote, alisema Biashara. Kikao kilikula saa nne. Mama Kabla, aliyekuwa mle kuandika kumbukumbu tu, aliomba nafasi ya kusema, akapendekeza kila kitabu kikae karibu na kitabu kilichokizaa. Wakacheka. Pendekezo halikupigiwa hata kura. Jumatatu iliyofuata akaanza kuandika nyuma ya kadi.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza, ila kuutekeleza ni shughuli. Anasoma kitabu, anatafuta wazo lake kuu, kisha anaandika "Kabla:" na kutaja alikolikuta wazo hilo likiwa na umri mkubwa zaidi. Kadi hiyo inakupeleka kwenye nyingine, nayo ina kabla yake. Ukiwa na subira na viatu vya kusimamia, unaweza kuanza na kitabu chenye jalada la kung'aa kilichochapwa mwaka jana, ukapita kwa wahubiri wa karne ya kumi na tisa waliofundisha kwamba ugonjwa huanzia kwenye mawazo, ukapita kwa vyama vya mijini vilivyotafsiri maandiko ya Mashariki na kuyasoma sebuleni kwa chai, ukapita kwa masufi na wakaapweke wa jangwani waliofunga sala kwenye pumzi, ukaishia kwa wahenga wa misituni waliouliza swali lile lile ambalo leo watu huuliza kwenye kumbi za hoteli: huyu anayefikiri ndani yangu ni nani?

Hapa ndipo wenye maneno makali, na mwandishi wa wasifu huu ni mmoja wao, walipodhani wamepata mshirika. Tulitaka kadi zile ziwe fimbo. Tulitaka kusema: tazameni, hawa walimu wa fahamu ni wachuuzi wa mitumba, wanapiga pasi nguo za marehemu na kuziuza kama mpya. Mama Kabla hakututolea fimbo. Alisema kumjua baba wa mtu si kumtukana mtu. Mwandishi hakusikia. Miaka kumi na minne iliyopita, katika jarida hili hili la wafanyakazi, alichapisha makala ndefu kuhusu matapeli wa roho, akajipongeza kwa ujasiri wake. Kesho yake alikuta kadi mezani. Nyuma yake hoja zake zote tano zilikuwa zimepangwa kwa ukoo: mhariri fulani wa gazeti aliyezitoa miaka mia moja nyuma, wakili aliyemtangulia, na juu kabisa mcheshi mmoja wa Kigiriki wa kale aliyewadhihaki manabii wa kulipwa karibu miaka elfu mbili iliyopita, tena kwa lugha tamu zaidi. Chini alikuwa ameandika kwa penseli: "Pole, mwanangu. Hata hasira ina wazee wake." Mwandishi alinuna siku tatu. Siku ya nne akaanza kusoma.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Muuza nguo mmoja wa mtaa wa nyuma alikuja akitaka kitabu cha mwalimu anayefundisha kwamba fikra njema hutosha kuponya. Mama Kabla alimpa kitabu hicho na wazee wake wawili, akamwandikia tarehe ya kurudisha, akamwambia bila kubadilisha sauti: "Vyote soma, dada. Ila dawa ya presha usiache." Mwezi ulipokwisha yule dada alirudi na vitabu vyote vitatu, na vidonge mkobani. Alisema wote wanasema jambo moja, tofauti ni kwamba wale wa zamani hawamhimizi kununua kanda za mafundisho.

Alikosea pia, na makosa yake hakuyaficha. Kuna msemo aliouandika kuwa wa masufi, kisha mumewe, fundi cherehani, akamwonyesha msemo huo huo kwenye kalenda ya kiwanda cha sabuni, uliotungwa na kiwanda chenyewe. Kadi ile haikuchanwa. Ina mstari mwekundu na maneno "Nilikosea", tarehe na sahihi. Huyo mume ndiye aliyemshonea kila gauni mfuko wa ukubwa wa kadi, upande wa kulia. Anasema katika ndoa yao hajawahi kushinda ubishi, kwa kuwa kila akishika hoja huulizwa aliitoa wapi.

Sasa tuje kwenye miezi hii ya mwisho, ambayo haikuwa shwari.

Mwanzoni mwa mwaka tulipata mfumo mpya wa kompyuta. Ni mzuri, na asiseme mtu kwamba jarida hili linapinga maendeleo. Una nafasi ya kila kilichoandikwa mbele ya kadi. Hauna nafasi ya nyuma. Mkurugenzi akabandika tangazo ubaoni: siku ambayo mkuu wa kitengo atastaafu, droo zote zitolewe na kadi zipelekwe kiwanda cha karatasi zikasagwe. Maandishi ya nyuma, tangazo lilifafanua, ni maoni binafsi. Miaka thelathini ya kusoma ilipewa jina hilo. Wengine wetu tulipandisha mori. Mama Kabla alilisoma tangazo hadi mwisho, akanyoosha pini iliyokaa upande, akaomba jambo moja tu: aruhusiwe kumaliza kadi moja iliyobaki.

Ilikuwa kadi ya kitabu cha Mwalimu wa Pumzi. Wengi mnamjua. Hujaza kumbi, na juu ya jalada la kitabu chake pameandikwa kwamba mafundisho yale hayajawahi kusemwa. Mama Kabla alikuwa ameyapatia wazee karibu yote. Kuhesabu pumzi kulikuwa na kabla kumi na tisa. Kuyatazama mawazo kama wapita njia, kumi na mbili. Zoezi moja tu lilimshinda, lile maarufu kuliko yote, la mlangoni: kabla hujapita mlango wowote, wa kazini, wa hospitali au wa nyumba yenye ugomvi, shika kitasa, simama, vuta pumzi, ndipo uingie. Aliandikia vyuo vikuu viwili. Aliandikia nyumba ya watawa wa kike, wakamjibu kwa sala nzuri ya kizingitini ambayo haikuwa yenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja mgongo wa kadi ile ulikuwa na penseli tupu: "Kabla: bado sijaona."

Mwezi uliopita alimwandikia Mwalimu mwenyewe barua ya mistari minne. Barua haikujibiwa. Badala ya jibu akaja yeye mwenyewe, na wasaidizi wake.

Mkurugenzi alishuka kumpokea pamoja na mpiga picha. Mgeni hakuingia. Alisimama mbele ya milango yetu ya kioo, nayo, kwa kuwa hujifungua yenyewe ikiona mtu, ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka tena. Hatimaye akauliza mlango wameupeleka wapi. Mkurugenzi akaanza kusifu kioo. "Si huu, bwana," akasema mgeni. "Ule uliokuwa ukikwama."

Akasimulia hapo hapo barazani. Alipokuwa mwanafunzi alifeli mtihani mara mbili. Mara ya tatu alikuwa akija kusoma hapa kila asubuhi, na kila asubuhi alipigana na mlango. Kwenye kaunta ya mikoba kulikuwa na dada ambaye, bila hata kuinua kichwa, alimwambia: "Simama, kaka. Pumua. Sasa ingia." Miezi miwili mizima, neno hilo kila siku. Mtihani akapita. Baadaye akagundua kwamba linafaa kwa milango mingine pia. Akakiri, na hapa mwandishi wa wasifu huu anamvulia kofia, kwamba alipokuja kuandika kitabu alikuwa amesahau kuwa aliambiwa. Alidhani ni lake.

Mama Kabla alikuwa amesimama nyuma ya Mkurugenzi, kadi ile mkononi. Mtu aliyewatafutia watu wote wazee wa maneno yao hakuwa ameyatambua maneno yaliyotoka kinywani mwake. Milango ikaendelea kufunguka na kujifunga. Kisha akasema: "Kaka yangu, mimi nilikuwa nauhurumia mlango. Ungeng'oa kitasa."

Walicheka mpaka mgeni akatafuta mahali pa kuketi. Mama Kabla akaenda kwenye kaunta, akafuta penseli, akashika kalamu, akasita. Jina lake mwenyewe asingeliandika hata kwa mshahara wa mwaka. Akafikiri kidogo, akaandika: "Kabla: mlango wetu wa zamani." Tuliokuwa pale tukamwuliza kwa sauti moja swali ambalo ametuuliza maisha yetu yote. Hakukwepa. Akaongeza chini yake: "Fundi seremala aliyeupima wakati wa kiangazi."

Mgeni aliomba kuziona droo. Alizisoma akiwa amesimama kwa saa mbili, wasaidizi wake wakiwa wamechoka na kukaa sakafuni. Alipoaga alisema kwamba kitabu ni hizi droo, na kile chake ni kadi moja ndani yake. Mkurugenzi ameyarudia maneno hayo katika vikao viwili bila kumtaja aliyeyasema. Kadi ya Mkurugenzi nayo imekwisha kuandikwa.

Siku iliyofuata tangazo halikuwepo ubaoni. Lakini tangazo lililobanduliwa si uamuzi, na Mama Kabla alikuwa bado na wiki tatu tu. Wapiga chapa wawili wa kitengo wakaanza kuingiza migongo ya kadi kwenye kompyuta, saa ya mapumziko, kwa hiari yao. Wamefika herufi H. Mkurugenzi ameahidi kwa mdomo, mbele ya watu watano, kwamba droo hazitaondoka mpaka kadi ya mwisho iingie. Ahadi ya mdomo haina mgongo wa kuandikia, ndiyo maana tunaiweka hapa, katika jarida la wafanyakazi, pamoja na mwezi na ukurasa, ili siku mtu atakapouliza nani alisema, pawe na pa kumpeleka.

Mama Kabla alitukataza kumnunulia saa ya ukutani wala sanduku la safari. Basi tuliingia stoo, tukauchimbua mlango wa zamani chini ya viti vibovu, tukatoa kitasa chake cha shaba, tukakisugua. Mumewe amekubali kukifunga kwenye mlango wa chumba cha mbele, kwa sharti kwamba asiulizwe alijifunzia wapi useremala.

Tunakushukuru, mama, kwa miaka yote uliyotuzuia kujiona wa kwanza. Afya iwe yako, usingizi wa mchana uwe wako, na vitabu usivyolazimika kuviandikia kadi viwe vingi. Mlango ulio mbele yako hatujawahi kuupita, kwa hiyo hatuna la kukufundisha. Tunakurudishia lililo lako.

Simama, mama. Pumua. Sasa ingia.