Aliyeyapigania Masikio ya Wachanga

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, mpimaji wetu wa usikivu wa watoto wachanga anastaafu. Ofisini ana jina na cheo. Sisi tunamwita Shangazi Kimya, kwa sababu hakuna mfanyakazi wa hospitali hii, kuanzia mfagizi hadi daktari bingwa, ambaye hajafokewa "Kimya!" kwa kupita na viatu vya kisigino mbele ya mlango wake.

Mwandaaji wa hafla ameniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajaribu, ila nina hasira, na sababu yake mtaiona.

Shangazi alianza kama muuguzi wa wodi ya wazazi. Huko lilimchosha jambo moja: mama anarudi na mtoto wa miaka mitatu asiyesema neno, na kila mtu anamwambia, "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Shangazi akaenda kusomea upimaji wa masikio. Aliporudi akapewa chumba, na chumba chenyewe kikawa kimepakana na mashine za kufulia mashuka! Alinguruma kuliko mashine zile mpaka akahamishwa.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mshonaji mmoja aliyemleta binti yake wa kwanza, akiwa bado wa wiki chache. Kifaa kidogo kikawekwa sikioni, sauti ikatumwa, sikio halikujibu. Wakarudia siku nyingine, hali ikawa ileile. Mama mkwe, aliyekuja kuwasindikiza, akasema palepale, "Kwetu hakuna kiziwi. Haya umekuja nayo kutoka kwenu." Mume akainama kama anayetafuta sindano sakafuni.

Shangazi akafunga mlango. Akamuuliza mshonaji kama aliugua mimba ikiwa changa. Mshonaji akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, alipata homa kidogo, vipele, na tezi za shingo zikavimba. Wakati ule alikuwa akiwauguza watoto wa wifi yake, nao walikuwa na vipele vilevile. Zahanati walimpa dawa ya homa, wakamwambia ni joto tu.

Mama mkwe akanywea. Ndiye aliyemtuma kwenda kuwauguza wajukuu hao.

"Na wewe bibi sikulaumu," Shangazi akamwambia. "Hii ni rubela. Virusi vyake vinatoka kwa mama, vinamfikia mtoto tumboni, vinaharibu sikio la ndani likiwa bado linaumbwa. Havichagui ukoo. Ila nisisikie tena mtu akimnyooshea kidole mama huyu."

Kwa akina mama alikuwa mpole. Kwa wakubwa, thubutu! Chanjo ya kumkinga msichana kabla hajabeba mimba ipo, na mshonaji hakuwahi kuambiwa habari zake. Shangazi akamchukua yeye na mtoto, akaingia nao kwenye kikao cha uongozi, akadai kila mchanga apimwe masikio kabla ya kwenda nyumbani.

"Mama, tuna wagonjwa wanaokufa," mkurugenzi wa wakati ule akasema. "Uziwi hauui." Akapiga makofi nyuma ya mtoto. Mtoto hakugeuka. "Amezoea kelele," akasema.

Shangazi akachukua sinia tupu la chai, akaliachia sakafuni. Mhasibu akaruka. Mkurugenzi akajimwagia chai. Mtoto akaendelea kunyonya ngumi yake.

"Haya," Shangazi akasema, "nani mwingine amezoea?"

Upimaji ulianza mwezi uliofuata. Aliwafundisha wauguzi pia kuwaita tena watoto ambao mama zao waliugua wakiwa wajawazito, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa safi, kwa kuwa virusi vingine huiba usikivu taratibu, mtoto akiwa tayari nyumbani. Binti wa mshonaji alipata vifaa vya kusikilizia kabla hajatambaa. Familia ikajifunza lugha ya alama, na leo hakuna anayemshinda bibi yule kwa umbea wa mikono.

Sasa hasira yangu. Uongozi unaijua tarehe hii tangu mwaka jana. Keki imeagizwa, hotuba zimeandikwa, mrithi hajaajiriwa. Jumatatu watoto watazaliwa kama kawaida, na chumba cha kupimia kitakuwa na kufuli. Nilipouliza nikaambiwa, "Tutaangalia." Mtaangalia nini? Sikio halipimwi kwa macho, na mtoto asiyesikia hasubiri kikao ndipo akue!

Juzi Shangazi aliulizwa anataka zawadi gani. Akasema, "Mtu wa kumkabidhi funguo." Wakacheka, wakidhani anatania.

Shangazi, hatukuambii upumzike kwa amani. Maneno hayo ni ya marehemu, na wewe bado una sauti. Ahsante kwa kila mama uliyemfuta machozi na kila mkubwa uliyemnyima usingizi. Nenda kalale mpaka jua liwe kali, ukagombane na kuku wa dada yako. Tunakutakia maisha mema, tena marefu. Ugomvi wa hapa tuachie sisi. Jumatatu asubuhi wodi nzima ya wazazi tutakuwa mlangoni kwa mkurugenzi kuuliza nani anashika kazi yako, na hata tukiletewa viti, hatutakaa.