Ufunguo wa Mlango wa Baharini

Sogeeni, wanangu wote watatu, na wewe mkwe wangu acha kunipangia mito, huruma yako ya wiki hii imezidi kimo. Nisikilizeni pumzi ingalipo.

Nyumba hii ilikuwa ngome ya askari. Babu yenu aliinunua ikiwa gofu, akayapanua matundu ya mizinga yakawa madirisha, ghala la baruti likawa jiko, nami nimepika humo tangu nilipoolewa. Kuta hizi hazikuwahi kubomolewa kutoka nje. Msinibomolee kutoka ndani. Haiuzwi, haigawanywi, na atakayekabidhiwa atawalaza wenzake bila masimango.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mlango wa baharini, mliokatazwa tangu utotoni, unafunguliwa. Mwili umelala kama gogo, pua haijalala: upepo wa chumvi unapita ukumbini na madirisha yamefungwa. Nimesikia viatu vya wageni, na mtu akisema, "Hapa tutaweka mapokezi." Mapokezi! Na mimi hata kaburi halijanipokea.

Nilipouliza, kila mmoja aliapa hajawahi kuugusa. Vizuri. Ufunguo uko palepale msumarini. Nendeni mmoja mmoja mkaufungue, nisikie.

Anza wewe, kitinda mimba. Mbona kama unakoroga chai? Rudi. Binti yangu, nenda. Hata wewe umeshindwa? Usilie, kutojua si kosa. Haya, kifungua mimba wangu.

Ehee. Mara moja tu.

Njoo ukae, na usimtazame mkeo. Kitasa kile askari walikitengeneza kinyume cha vingine vyote, ili adui akiupata ufunguo ahangaike mlangoni. Baba yenu aliniambia mimi peke yangu, nami sikumwambia mtu. Anayekijua ni aliyekwisha kuhangaika nacho. Wewe ulihangaika lini, mwanangu? Usinijibu, utaapa tena.

Binti yangu, nyumba naiacha mikononi mwako, na ndugu zako ni mashahidi. Mlango ule uzibe kwa mawe. Kaka yako usimfukuze, ila mhamishie chumba cha upande wa jiko, mbali na bahari. Nawe mkubwa, radhi yangu unayo, ufunguo huna.

Mungu awaweke pamoja, awape... ulimi umekuwa mzito. Mbona baridi? Nani kauacha wazi? Nenda, binti yangu... zungusha kinyume... nisikie ukifunga.