Kiti Alichonunuliwa Remberto

Remberto wangu anaacha kazi ya ofisi ya maji tarehe thelathini na moja Januari, baada ya miaka ishirini na tisa, na anakuwa kinyozi. Haya, sasa habari zenu, wenzake wa ofisini. Mimi ni Doña Saturnina, mama yake, yule muuza uji wa mahindi meusi hapo langoni. Mkuu wenu ameniomba niandike humu jaridani kwa kuwa hakuna amjuaye zaidi yangu, na ni kweli. Nilimjua kabla hajaota meno.

Alianza kwa kusoma mita. Mbwa wote wa mji wetu wa El Alto wameonja suruali yake, na hakuna nyumba aliyoiruka. Kisha akapewa dawati la malalamiko. Watu waliingia wakifoka, wakatoka wamenyolewa. Ndiyo, kule stoo, saa ya chakula, kwa mkasi wa kukatia karatasi. Nyote mlijua. Mimi nilidhani tu ofisi yenu ni ya watu nadhifu.

Kila Januari, kwenye Alasita, sikukuu yetu ya vijisanamu vya bahati, nilimnunulia kiti kidogo cha meneja, maana ukinunuacho kidogo siku hiyo, kikibarikiwa saa sita mchana, hukujia kikubwa. Viti kumi na vinne vimejaa kabatini, umeneja hata harufu yake hatujaisikia. Mwaka huu nilisahau miwani, nikanunua kiti kwa kupapasa. Padri alipokwisha kukinyunyizia maji, Remberto akaanza kulia.

"Mama, nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Hiki cha kinyozi. Si unaona pa kuegemeza kichwa? Miaka yote hii naogopa kukwambia. Ulishawatangazia majirani nitakuwa meneja."

Mwanamume wa miaka hamsini na mitano, kashinda mbwa wa mji mzima, ananiogopa mimi ninayemfika kifuani.

"Kimeshabarikiwa," nikamwambia. "Hakirudishwi dukani. Andika barua ya kuacha kazi."

Akaiandika palepale, mgongo wangu ukiwa meza. Akatia sahihi, akaikunja mfukoni. Majirani nimewaambia ni meneja wa vichwa.

Asanteni kwa kumlea, na kwa kumwachia vichwa vyenu ajifunzie. Mwanangu, uishi vizuri, na masikio ya watu uyaache yalipo.

Saluni yake iko nyuma ya soko, mlango wa kijani. Mkuu wenu atakuwa wa kwanza kukalia kiti, uji naleta mimi. Msinyolewe popote kabla ya kufunguliwa Jumamosi, tarehe nane Februari.